Kilemba cha Fundi Bati

Kazi yangu ya kwanza katika ufundi ilikuwa kukaa gizani. Baba alikuwa fundi bati, na kibaraza chake kilikuwa kwenye safu ya mafundi nyuma ya soko, Dodoma mjini, ubavuni mwa mshona viatu. Alipomaliza chombo kikubwa, pipa la maji au kihenge cha kuwekea nafaka, alikipindua juani na kunifunika nacho kama kifaranga ndani ya tenga. Kisha sauti yake ikanijia kutoka nje, imebadilika kidogo kwa sababu ya bati.

"Unaona nini?"

"Nyota, baba."

"Wapi?"

Nilizigonga kwa kidole, pale mwanga wa jua ulipopenya kwenye mishono, naye kwa nje akatia alama ya chaki. Alikiondoa chombo, akazifunga nyota kwa lehemu, akanifunika tena. Tuliendelea hivyo mpaka niseme neno alilolisubiri, "Giza." Chombo chenye giza ndani ndicho kilichouzwa. Mama alilalamika kwamba siku moja nitatolewa humo nimeiva, na kweli joto lilikuwa kali, lakini mimi nilipapenda mahali pale. Palinukia chuma na asidi, na duniani hapakuwa na mtu mwingine ila mimi na sauti ya baba.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Dada zangu waliliona bati kama uchafu unaochana nguo, wakaolewa mapema na kwenda zao. Mimi nilibaki kibarazani. Nilijifunza kunyoosha mapipa matupu ya lami, kukata kwa mkasi bila kuacha meno, kukunja ukingo, kulehemu. Nilitengeneza koroboi, karai na vyombo vya kunyunyizia maji mizabibu. Wanawake wa Kigogo waliokuja sokoni kutoka Ipagala na Nzuguni walisimama kunitazama. "Mbukwenyi," walimwamkia baba kwanza, kisha wakamuuliza kama huyu binti amerogwa au ni hiari yake. Baba alijibu kwamba yeye mwenyewe bado anachunguza.

Inafaa nieleze desturi ya safu ile, maana habari yangu yote imefungwa humo. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaugua njiani, akabaki. Wengi wa safu ile walikuwa wajukuu wa watu kama yeye, na waliendelea kushika mila za ufundi walizorithi. Mwanafunzi anayeanza kwa fundi hupeleka ufito, kitu kidogo tu cha kuonyesha nia. Akishaiva hupeleka kilemba, yaani kitambaa cheupe chenyewe. Fundi akikipokea hasemi neno. Kesho yake asubuhi hukifunga kichwani na kupita nacho safu nzima kabla hajafungua kibaraza, na kila anayemwona anajua kwamba mwanafunzi wake amefunguliwa. Tangu hapo kijana yule anaweza kufungua kazi yake hata mlango wa pili kutoka kwa fundi wake, na wote watamkaribisha. Akifungua bila kufunguliwa, hakuna atakayemkataza. Ila hawatamwazima nyundo, wala hawatamwelekeza mteja kwake, na baada ya muda ataondoka mwenyewe.

Mimi sikupeleka ufito. Baba alisema ufito wangu ulikuwa lile joto la ndani ya mapipa.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na kiberiti na majani ya chai peke yake yakajaa vitu mpaka vikamwagika barazani. Watu walifurahi, nami nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza nilichagua sabuni. Lakini pamoja na sabuni zikaja ndoo za plastiki, nyekundu na buluu, nyepesi kama ganda la yai. Baba aliinunua moja ili aichunguze. Aliigeuza huku na huku akitafuta mshono, hakuuona, akaicheka.

"Haina mshono. Ikipasuka wataunga wapi?"

Hakuna aliyekuwa na mpango wa kuunga. Ikipasuka walinunua nyingine. Wanawake waliokuwa wakija kubadilisha vitako vya ndoo zao wakaanza kupita mbele ya kibaraza chetu wakiwa na plastiki vichwani, wakitusalimia kwa uchangamfu mkubwa kuliko zamani, kama mtu anavyomsalimia mgonjwa.

Wakati huohuo watu walianza kujenga nyumba za matofali pembezoni mwa mji, na kila aliyenunua televisheni alitaka nondo dirishani. Nilizitazama nyumba zile na hesabu haikunichukua muda. Nilimwambia baba nataka kwenda chuo cha ufundi kusomea uchomeleaji.

Alikuwa akikunja ukingo wa karai. Aliendelea mpaka akamaliza mzunguko, ndipo akaniambia, "Nenda. Ila ujue unaondoka hujafika kwenye kitako."

Kitako ndicho kilichokuwa mwisho wa mafunzo kwake. Kuunga bamba la chini na mwili wa chombo, kwa mkunjo, pande zote kwa pamoja, mpaka vishikane kama kitu kimoja, hilo ni jambo ambalo hakumwachia mtu mpaka aone mkono wake umetulia. Mkono wangu ulikuwa bado wa haraka. Kusema kweli mimi mwenyewe ni mtu wa haraka, na nilipomsikia nilijiambia kitako cha ndoo isiyonunuliwa kitanisaidia nini. Sikulisema. Baba alikuwa hodari wa kusikia yasiyosemwa.

Chuoni hatukupewa moto kwa muda mrefu. Tulipewa tupa, jiliwa na kipande cha chuma, tukaambiwa tukinyooshe mpaka guni, kile kipimo cha pembe mraba, likilazwa juu yake lisipitishe mwanga. Tulikuwa wasichana wawili katika karakana nzima. Mwenzangu alihamia ushonaji viganja vilipochubuka, na wavulana wakaweka dau juu ya siku nitakayomfuata. Mwalimu wetu, mtu mrefu asiyecheka, alikiinua chuma changu dirishani, akaweka guni, akakodoa. "Mwanga," alisema, akanirudishia. Nilikaribia kucheka. Maisha yangu yote nilikuwa nikitafuta mwanga ili uzibwe, na huku pia nilikuwa nimekuta kazi ileile.

Tulipofika kwenye moto, nilijua nimefika kwangu. Kijiti cha kuchomelea hakitaki kubanwa. Kinataka kushikwa karibu na chuma bila kukigusa, umbali mdogo kama wa mtu anayenong'ona sikioni, na hapo kinaimba. Ukisikia mlio wa kitu kinachokaangwa, unajua mambo yanakwenda sawa. Siku ya kwanza nilitazama mwanga bila ngao, kwa ujuaji tu, na usiku huo macho yalijaa mchanga wa moto. Mama alinilaza na vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Baba alisimama mlangoni akauliza kama hicho ndicho chuo kinachofundisha.

Nilifaulu majaribio ya ufundi, nikapewa cheti. Fundi wa baiskeli, aliyekuwa mwisho wa safu yetu, alikuwa na nafasi tupu pembeni ya kibaraza chake, na nguzo ya umeme ilisimama hapohapo mbele yake. Hapakuwa na mahali pengine kwenye safu ile ambapo mashine ya kuchomelea ingeweza kuunganishwa. Nilipomwendea alikuna kidevu.

"Binti yangu, mimi sina neno. Mzee amekufungua?"

Basi nikanunua kitambaa. Nilikichagua kwa makini, cheupe, laini, chenye mstari mwembamba ukingoni, nikakifunga kwenye karatasi na kumpelekea baba jioni, mama akiwa shahidi na wazee wawili wa safu wameitwa kwa kahawa. Nilipiga magoti nikakiweka mbele yake. Alikitazama muda mrefu. Wazee waliangalia vikombe vyao.

"Chukua kitambaa chako, mwanangu," alisema kwa upole. "Wamekufungua huko, si hapa. Mimi nikikivaa hiki nitakuwa nawaambia watu umemaliza, na kitako hujakiweza. Sitakuvika kilemba cha ukoka, wala mimi sitajivika."

Niliondoka nikiwa nimefura kama chapati. Nilimchukia baba siku ile, sina haja ya kulificha. Niliona kwamba ananizuia kwa sababu ya wivu, kwamba kazi yake inakufa na hataki yangu izaliwe. Mama alikiokota kitambaa, akakitia kwenye sanduku lake la nguo pamoja na vidonge vya kufukuza nondo.

Nikaajiriwa kwenye karakana moja kando ya barabara kubwa, kwa mtu asiyejua habari za kilemba. Nilitengeneza madirisha na mageti mpaka nikawa naota michoro yake. Bosi alikuwa mwema, lakini kazi ilikuwa yake na jina lilikuwa lake. Mteja akisifu geti, sifa zilimwendea yeye aliyekaa kivulini. Nilichotaka ilikuwa ile nafasi chini ya nguzo, kwenye safu nilikokulia, ambako mtu akiulizwa nani kachomelea hili atanyoosha kidole na kusema yule pale. Kila jioni nilipita hapo nikirudi nyumbani. Fundi wa baiskeli aliegesha magurudumu mabovu mahali pale, na nikipita alijifanya anapuliza mpira.

Baba alizidi kukonda kikazi. Kutoka ndoo alishuka hadi viraka, kutoka viraka hadi koroboi, na umeme ulipofika mitaa mingi hata koroboi zikabaki kuning'inia kibarazani zikigongana upepo ukivuma. Mama aliniambia kwamba siku nyingine hafungui hata mkasi. Anakaa, anasalimiana na watu, anarudi. Nyumbani hakulitaja. Tulikula ugali wetu wa uwele na mlenda, tukizungumzia mvua.

Siku moja, saa za asubuhi, nikiwa na ngao usoni ndani ya karakana, nilihisi kelele za wenzangu zimepungua. Niliinua ngao. Baba alikuwa amesimama getini, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, mkononi ana kifurushi cha sukari kilichofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, baba. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Hujambo, fundi?"

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilidhani ananikejeli, nikasubiri mkia wa maneno, lakini haukuja. Aliniambia kwamba amekuja mkulima kutoka Kibakwe, mteja wake wa zamani. Dumuzi wamemmalizia mahindi ghalani mwaka uliopita, naye anataka kihenge kikubwa cha bati, chenye miguu ya chuma cha pembe ili panya wasipande, na mfuniko wa kufunga kwa kufuli. Akikipenda, na jirani zake watataka.

"Si neno, baba. Tengeneza kihenge, miguu niletee mimi nikuchomelee."

"Leo utanichomelea miguu. Kesho utanichomelea nini?" Alitazama chini, akaweka kifurushi juu ya meza yangu, katikati ya magamba ya chuma. "Ndoo hazirudi. Nimeelewa. Ufito wangu huu. Nifundishe."

Wenzangu wote walikuwa wameacha kazi. Nilihisi damu imenipanda masikioni. Nilitaka kumrudishia sukari yake, nimwambie baba usinifanyie hivi mbele za watu. Lakini nilikumbuka jinsi inavyokuwa kurudishiwa kitu ulicholeta kwa mikono miwili. Niliipokea.

Bosi alituruhusu kutumia mashine wakati wa mchana, watu wakienda kula. Jamani, sijawahi kuwa na mwanafunzi mgumu kama yule. Baba alikuwa amelehemu tangu ujana wake, na kwenye lehemu chuma cha moto hubanwa juu ya mshono, husubiriwa, huvutwa taratibu. Mkono wake ulijua hivyo na haukutaka kujua vingine. Alikibana kijiti juu ya chuma, kikaganda. Alikivuta, kikaganda tena.

"Usikibane, baba. Kiache kipumue."

"Nimekiacha."

"Hujakiacha. Umekikalia."

Akikiinua kilizimika. Akikirudisha kilitoboa, na penye tundu alitaka kuziba kwa kubana zaidi. Alisonya, akacheka, akasonya tena. Nilijikuta nikisema maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe: tuliza mkono, unakimbilia wapi, nani anakufukuza. Aliinua ngao akanitazama.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa fundi mmoja mkali."

"Mpe salamu."

Sitasahau siku zile. Tulikuwa hatujakaa pamoja hivyo tangu niende chuo, na nilikuwa na furaha ambayo niliificha nyuma ya ukali, kama alivyofanya yeye nilipokuwa mdogo.

Lakini hakuweza. Naye alilijua hilo kabla yangu. Siku moja, katika kutaka kuona kwa karibu anakosea wapi, aliisogeza ngao pembeni akatazama moto wenyewe. Jioni alirudi nyumbani ameshikwa mkono na mama. Tulimlaza na kiazi juu ya macho, kitambaa kimefungwa kichwani, machozi yakimtoka chini yake. Na mkulima wa Kibakwe alikuwa ameshatuma habari kwamba anakuja na lori kuchukua kihenge chake.

Miguu nilikuwa nimeshaichomelea. Mwili ulikuwa uani kwetu, umekunjwa na kusimama mrefu kuliko mimi. Palibakia kitako.

Nilisimama mbele yake na nyundo ya mbao mkononi. Kupitia dirisha la chumba nilimsikia baba akigeuka kitandani.

"Umelaza bamba?"

"Nimelaza."

"Ukingo umeuinua sawa pande zote?"

"Sawa."

"Basi anza. Kidogo kidogo. Usimalize popote mpaka umalize kote."

Nilianza. Mchomeleaji hushika pembe moja, akaifunga, akahamia nyingine, na mkono wangu ulikuwa umeshazoea kufunga. Sikuwa nimeenda mbali, sauti ikatoka dirishani.

"Unamaliza upande mmoja. Nasikia bati linalia mahali pamoja. Huko mbele litajikusanya."

Aliposema nikaliona, bati limeanza kufanya kikunjo kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Nikaufungua mkunjo na kurudi mwanzo. Nilizunguka kihenge kile nikigonga kidogo, nikisogea, nikigonga kidogo, jua likinizunguka nami. Mama alileta maji akayaweka, akaondoka. Mara kwa mara dirishani ilitoka sauti: hapo umeharakisha, rudi. Hapo sawa. Hapo sawa. Kisha kwa muda mrefu hapakuwa na sauti yoyote, nikadhani amelala. Nilipomaliza mzunguko wa mwisho na kuulaza mkunjo ubavuni mwa kihenge, nikapitisha lehemu, nikaweka nyundo chini, ndipo niliposikia kitanda kikilia. Alikuwa amekaa tu muda wote ule.

Kesho yake macho yalimfunguka, mekundu lakini yanaona. Alitoka uani akakizunguka kihenge, akipitisha ukucha kwenye mkunjo wa chini. Jua lilikuwa limesimama. Nilifunga kanga yangu vizuri kiunoni nikajiandaa.

"Kiinueni," nikawaambia mama na jirani aliyekuja kutusaidia, "niingie."

"Toka hapo," alisema baba. "Leo zamu yangu."

"Macho yako yenyewe hayaoni," mama alimwambia, "huko ndani utaona nini?"

"Nyota za bati naziona hata nikilala."

Akakusanya kanzu yake, akachuchumaa ardhini, mzee mzima, magoti yakilalamika. Tulikipindua kihenge tukamfunika. Nilibaki nimesimama nje, mkono wangu juu ya bati lililokwisha kupata moto, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa upande ule wa sauti. Nilijua kwamba akigonga kwa ndani mara moja tu, nafasi yangu chini ya nguzo ndiyo imekwenda, na sitakuwa na la kusema.

"Unaona nini, baba?"

Mama aliacha kujipepea. Nilisubiri mgongo wa kidole chake kwenye bati. Upepo ulileta vumbi, likapita.

"Giza," alisema.

Tukashika ukingo ili tukiinue. Akasema ngojeni. Alikaa humo zaidi ya ilivyohitajika, ndani ya joto lile, na hatukumuuliza kwa nini. Tulipokiinua uso wake ulikuwa umelowa. Alisema ni ule moto wa mashine, bado unamsumbua. Mimi sikutafuta kisingizio, nililia waziwazi.

Mkulima alikuja, akakigonga kihenge chake kila upande kama mtu anayenunua ng'ombe, akaridhika, akaondoka nacho. Baba hakutaja kilemba, wala sikumuuliza. Nilirudi kwenye mageti yangu.

Baada ya siku kadhaa alitokea tena karakanani, safari hii na kanzu ya kazi, na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na doti ya kanga. Kwa haraka zake za mwanamume dukani hakuwa amesoma jina lake, lililokuwa likiwasuta majirani wenye kijicho.

"Anayeiva ndiye anayeleta kilemba," alisema. "Mimi sikuiva, na sitaiva, mkono umeshakauka. Nitakunja bati, wewe utachoma chuma. Lakini nilifundishwa, na aliyefundishwa hamwachi fundi wake mikono mitupu." Kisha akaongeza, akitazama geti nililokuwa nikilitengeneza, "Na kile chako kiko wapi? Au ulikifanya dekio?"

Mama alikuwa nacho. Usiku ule alikitoa sandukuni akakiweka mkekani, mbele ya baba, bila wazee na bila kahawa. Kilikuwa kimeingia umanjano kwenye mistari ya kukunjia na kunukia dawa ya nondo kiasi cha kumfanya baba apige chafya. Alikivuta karibu naye. Hakusema neno.

Asubuhi alitoka nacho kichwani. Mimi nilimfuata nyuma nikibeba mfuko wake wa vyombo, kama zamani. Alipita kwa wauza kamba, akapita kwa mshona viatu, ambaye alisimamisha nyundo hewani. Alipita kibaraza chake mwenyewe bila kukifungua. Mwisho wa safu fundi wa baiskeli alituona tukija, akainuka, akaanza kuondoa magurudumu yake mabovu ukutani, moja moja, bila kuulizwa. Baba alisimama chini ya nguzo ya umeme, akaitazama mpaka juu, akageuka akaniuliza mashine yangu nitaiweka upande gani.